Mtu wa Nyuma ya Laurent

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Arlette alipojifunga kitenge na kutoka kwenda kumpokea Laurent kwenye kituo cha magari ya Mongbwalu. Nyumbani, katika mtaa wa Mudzipela mjini Bunia, aliacha sufuria mbili motoni, sombe ya majani ya muhogo katika moja na samaki wa Kasenyi katika nyingine. Wifi yake Dorcas, aliyefika kutoka Butembo siku iliyotangulia, alikuwa akikoroga huku akimsimulia mgeni mwingine, muzee Alphonse, jinsi gari lao lilivyokwama kwenye tope karibu na Komanda. Muzee Alphonse naye alikuwa ametoka Kisangani, mgongo wote unauma, na bado alikuwa anacheka.

Wote walikuja kwa ajili ya Gauthier.

Gauthier alikuwa mume wa Arlette, na mtoto wa kiume wa pekee wa Mama Kanyere. Miaka minne iliyopita shimo la dhahabu lilimfukia, na mwili haukupatikana. Aliyeleta habari ni Laurent, rafiki yake wa tangu utoto, aliyekuwa akichimba pamoja naye. Alilia mbele ya mlango mpaka akashikwa na majirani. Kisha akarudi machimboni, na Bunia hawakumwona tena.

Kwa miaka minne Mama Kanyere alikataa kuondoa matanga. Alisema hawezi kumaliza kilio ambacho hakikuwa na mwili. Mwaka huu alikubali. Jumapili ingekuwa misa na watu wengi. Jumamosi hiyo jioni ilikuwa ya watu wa nyumbani tu, wakae, wale, wamkumbuke mtoto wao kwa mambo mazuri.

Gari lilifika limejaa vumbi. Laurent akashuka. Alikuwa amekonda, lakini amevaa vizuri, suruali iliyopigwa pasi na viatu vyeupe.

"Shemeki," alisema.

"Laurent! Karibu. Njia ilikuwa aje?"

"Mubaya. Tuende, tusichelewe."

Nyuma yake alishuka mtu mwingine. Alivaa koti refu la wachimbaji, kofia imefunika uso, kichwa ameinamisha. Arlette akadhani ni mfanyakazi wake.

"Karibu, papa," alimwambia.

Yule mtu akajipanga nyuma ya Laurent.

Wakashika njia ya nyumbani, Laurent akiwa mbele karibu anakimbia. Viatu vyake vilipiga ko, ko, ko kwenye changarawe. Nyuma yao hatua zingine zilikuwa na sauti nyingine. Chwa… chwa… kama mtu anayetembea na maji ndani ya buti. Arlette akageuka. Koti la yule mtu lilikuwa linadondosha maji. Bunia haikuwa imeona mvua kwa wiki mbili.

Kisha akasikia harufu. Udongo mbichi. Si udongo wa shambani. Ni ule wa chini kabisa, ambao jua halijawahi kuugusa.

Mama Kanyere alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango. Macho yake yaliingia ukungu mwaka ule ule alipompoteza mwanawe, na sasa alijua watu kwa sauti na kwa mwendo. Akanyoosha mikono.

"Laurent, mutoto yangu. Umekuja na nani?"

"Niko peke yangu, Mama."

Mama Kanyere akageuza sikio upande wa njia.

"Nimesikia miguu ya batu babili."

"Ni rafiki yake, Mama," Arlette alisema, akaonyesha kwa mkono. "Huyu hapa."

Dorcas akatazama pale alipoonyesha. Akamtazama Arlette.

"Nani?"

Yule mtu alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwa Dorcas, maji yanadondoka. Dorcas akapita pembeni yake na beseni la kunawia mikono, akajikunyata ghafla, akasugua mikono yake. "Baridi gani hii?" alisema, akaingia ndani.

Laurent alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Alimtazama Arlette kama mtu aliyeshikwa mkono ndani ya mfuko wa mwenzake.

Arlette alijiambia kwamba ni uchovu, kwamba hajalala siku mbili kwa sababu ya kupika.

Wakatandika mkeka, wakawasha taa ya jua, wakaketi kuzunguka chakula. Muzee Alphonse, aliyewafundisha Gauthier na Laurent darasa la tatu, akaanza kusimulia jinsi watoto wale wawili walivyokuwa wakigawana jozi moja ya viatu siku ya mtihani, kila mmoja kiatu kimoja, ili wote wawili waonekane wamevaa. Dorcas akacheka mpaka akashika mbavu. Naye akakumbusha ile Jumapili ambayo Gauthier, Arlette na Laurent walipanda pikipiki moja mpaka ziwani Kasenyi, wakala samaki kwenye sinia moja, na Gauthier akawapa wenzake nyama yote, yeye akabaki na vichwa.

"Alikuwa anasema kichwa ndiyo iko na utamu," Arlette alisema.

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kujisikia akicheka kwa sauti. Kicheko kikaendelea, kikaendelea, kikageuka kilio, na Dorcas akamshika bega.

Alipofuta macho, alimwona.

Yule mtu alikuwa ameketi kwenye mkeka, ubavuni kwa Laurent, bega kwa bega. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya goti. Kidole kidogo hakikuwa na ncha.

Arlette aliujua mkono ule. Aliujua msumeno uliokata kile kidole, alijua kovu lake linavyohisika kwenye shavu usiku. Aliushika miaka sita.

 

"Arlette," Mama Kanyere alisema polepole, "weka sahani ya mutu wa pili."

"Mama!" Dorcas alishtuka.

"Weka."

Arlette akachukua sahani safi. Akaiweka mbele ya ile nafasi ambayo wenzake waliiona tupu. Akaweka bugali. Akaweka kichwa cha samaki.



Juu ya bugali, polepole, pakabonyea.

Kidole kimoja… cha pili… cha tatu…

Muzee Alphonse alianza kusali kwa sauti ya chini. Dorcas alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Laurent peke yake hakutazama ile sahani. Alichukua tonge lake, akalitia mdomoni haraka, kama mtu anayemeza dawa. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Akakohoa.

Kilichoanguka kwenye mkeka hakikuwa bugali. Kilikuwa tope jekundu, zito, lenye chembe ndogo ndogo zinazometameta chini ya taa.

"Sikumusukuma," Laurent alisema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Sikumusukuma! Mufumu, muganga wa kule, aliniambia shimo inataka mutu. Si mutu yoyote. Mutu mwenye mulikula naye sahani moja." Mate na tope vilikuwa vinamtoka pamoja. "Gauthier alikuwa amemaliza kazi. Alikuwa juu, ananawa. Nilimuita tu. Nilisema, shuka kidogo, rafiki, unisaidie. Akashuka. Miye nilikuwa ninapanda, yeye anashuka. Alinicheka, akasema nimechoka kama muzee."

Mama Kanyere alikuwa amekaza mikono juu ya magoti.

"Tangu siku ile iko nyuma yangu. Nikikula, anakaa. Nikilala, anakaa. Hasemi kitu." Laurent akapiga magoti. "Mama, nimekuja kumurudisha. Mufumu alisema nimulete kwa batu yake, akule kwa mikono yao, atabakia. Ni wenu. Tafazali, mumubakize."

Ndipo Arlette alipoelewa kwamba Laurent hakusafiri kuja kulia nao. Alikuja kuwatupia mzigo wake, akimbie.

Alingoja hasira. Haikuja. Ndani yake palikuwa na kitu kimoja tu, na kilikuwa kinauma kuliko hasira. Akatambaa kwenye mkeka mpaka mbele ya yule mtu. Harufu ya udongo ilimjaa puani na kooni.

"Gauthier," alinong'ona. "Bakia."

Kichwa kikainuka.

Uso ulikuwa wake. Kila kitu kilikuwa chake, isipokuwa macho. Mahali pa macho palikuwa na udongo, umeshindiliwa, na juu yake maji yalikuwa yanapita kama machozi. Akafungua mdomo kama anayetaka kusema. Udongo kidogo ukamwagika kwenye koti.

"Usiende. Bakia na miye."

Laurent akaruka, akakimbia nje.

Yule mtu akageukia mlango. Akainuka taratibu, kwa shida, kama anayevuta miguu kutoka kwenye tope. Akamtazama Arlette kwa yale macho yasiyoona. Kisha akatoka.

Chwa… chwa… chwa…

Arlette akamfuata mpaka barabarani. Chance, kijana wa pikipiki wa mtaa, alikuwa amesimama na injini inanguruma. Laurent alikuwa tayari ameparamia kiti cha nyuma.

"Mbio! Mbio! Twende!"

Tairi la nyuma likadidimia.

Chance hakugeuka hata kidogo. Alisema tu, kama anavyowaambia abiria wote, "Musogeleane huko nyuma, mutaanguka."

Wakaondoka. Laurent alikuwa analia kwa sauti kama mtoto. Mikono miwili, mmoja una kidole kifupi, ilikuwa imemzunguka kiunoni.

Jumapili misa ilisomwa. Watu walikuja, wakala, wakaimba. Lakini Mama Kanyere hakuvua nguo nyeusi.

Alasiri Arlette alikuwa anarudisha sufuria za majirani wakati Chance alipomsimamisha njiani. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mama, jana nilibeba batu babili kwenu. Si ndiyo?"

Arlette akakaza sufuria kifuani.

"Tulifika kwenye daraja. Nikasikia moto, hii pikipiki yangu, imekuwa nyepesi. Nikasimama, nikageuka. Yule wa viatu vyeupe hakuwa tena. Sikusikia kuanguka, sikusikia kelele. Alibakia ule mwenye koti ya maji. Alishuka, akakaa pale kwenye daraja. Miye nilikimbia."

"Halafu?"

"Leo nimepita pale, nimemukuta vilevile. Akanyosha mukono. Sikuweza kukataa, Mama, mikono yangu ilisimamisha moto yenyewe. Akasema kitu kimoja, 'Kwa mama yangu.'" Chance akaanza kulia. "Nimemushusha kwenu, saa nzima sasa niko nakutafuta weye."

Sufuria zikaanguka. Arlette alikimbia. Alipita watu bila kuwaona, kandambili moja ikabaki njiani, na moyoni hakujua kama anakimbilia mumewe au anakimbilia kifo.

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye sementi palikuwa na nyayo za tope jekundu, zinaingia, zinatoka. Mama Kanyere alikuwa kwenye kiti chake. Mapaja yake yalikuwa yamelowa, na mikono yake miwili ilikuwa bado imejikunja, kama inayoshika kichwa cha mtu.

"Iko wapi?"

"Amekwenda."

"Mama, iko wapi?"

"Alilaza kichwa yake hapa. Iko baridi, Arlette. Mutoto yangu iko baridi sana." Akayapapasa mapaja yake yaliyolowa. "Nilimuuliza juu ya Laurent. Akasema Laurent iko fasi yake sasa, kule ndani ya shimo. Nikamwambia, basi umekuwa huru, baba, lala. Akauliza weye uko wapi."

Arlette akakaa chini, palepale kwenye tope.

"Alikungojea. Alikungojea mpaka akachoka. Akauliza kama umeolewa. Nikasema hapana, mukeo iko anakungojea. Akalia." Mama Kanyere akatafuta uso wa Arlette kwa vidole, akaupata. "Akasema, kama ni vile, nitarudi. Nikamuuliza, utarudi kukaa, ao utarudi kumuchukua?"

"Alijibu nini?"

"Hakujibu."

Viatu vyeupe vilipatikana Jumatatu chini ya daraja, vikavu, vimejaa udongo mwekundu mpaka juu. Laurent hajaonekana.

Dorcas hakutaka kulala tena katika nyumba ile. Alitafuta gari la Butembo, akafunga mizigo ya watu watatu, akambembeleza Arlette usiku na mchana, naye Arlette akaitika kila neno. Siku ya safari gari lilisimama mbele ya mlango mapema. Arlette alimshika mkono Mama Kanyere, akampandisha, akamfunika miguu kwa shuka, akampa Dorcas chupa ya maji na maharagwe ya njiani. Akawabusu wote wawili.

Kisha akaufunga mlango wa gari, yeye akiwa nje.