Makande ya Wasindikizaji

Kila asubuhi kabla ya kengele, Firdausi na rafiki yake Ndayikeza walikimbia pamoja hadi juu ya kilima na kurudi shuleni. Shule yao ya Kasulu ingepeleka wasichana wawili tu kwenye mbio za Kibondo, na wote wawili walizitaka nafasi hizo.

Siku moja Firdausi aliona kopo la unga la kaka yake Ridhiwani, mnyanyua vyuma.

"Hizo ni amino, chembe za protini," kaka alijigamba. "Zinajenga misuli, zinaondoa uchovu."

Tangu hapo Firdausi akawa anauiba unga huo na kuukoroga na maji chupani. Ulikuwa mwekundu, mchachu. Mchana shuleni alimsukumia Ndayikeza sahani yake ya makande, mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja.

"Kula, mwenzangu. Makande ni ya wasindikizaji. Mimi nina amino."

"Sikatai!" Ndayikeza akala sahani mbili.

Siku ya mchujo wa kwanza Firdausi alichomoka mbele ya wote. Kwenye kona ya mwisho miguu ikatetemeka. Akapitwa na mmoja, wawili, watatu! Ndayikeza ndiye aliyeshinda, akapata nafasi ya kwanza ya kwenda Kibondo.

"Msindikizaji nimefika!" alipiga kelele. "Asante kwa makande!"

Uwanja mzima ukacheka. Firdausi alikwenda nyumbani akilia, akamweleza mama yake kila kitu. Mama alisoma maandishi ya kopo.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Hapa wameandika ni ya watu wazima, tena haichukui nafasi ya chakula. Hukusoma?"

"Nilisoma jina tu, mama."

"Mahindi na maharage yana amino hizohizo. Yakipikwa pamoja, moja linajaza pengo la jingine. Na yanakupa nguvu ya kukimbia. Umempa mpinzani wako silaha, wewe ukaenda vitani na maji mekundu!"

Firdausi alicheka huku akifuta machozi, kisha akamwomba kaka yake radhi. Wiki nzima alimaliza sahani yake na kulala mapema.

Jumamosi ikafika, siku ya mchujo wa pili. Ilibaki nafasi moja. Kwenye kona ileile Firdausi alikuwa wa pili. Ndayikeza alikimbia pembeni ya uwanja akipayuka, "Makande! Makande!" Shule nzima ikaitikia. Miguu ikakubali. Firdausi akampita wa mbele, akakata utepe!

Mama, aliyekuja kutazama, alimkumbatia.

"Sikia, mwanangu. Misuli inajengwa na mazoezi, usingizi na chakula. Cha watu wazima usikitie mdomoni bila kuuliza."

"Na Jumatatu," Ndayikeza akadakia, "sahani yako utanipa?"

"Hata punje!"