Sukari Iko Kwenye Damu

Nelima anauza maji Mashimoni, Kibera. Mume wake, Wekulo, ni fundi wa mbao. Anatengeneza vitanda na makabati.

Mwaka jana kiu ilimshika Wekulo. Alikunywa jagi zima la maji na kuomba jingine. Kila saa alikimbilia choo. Alikula vizuri, lakini suruali zilimpwaya. Majirani wakaanza kunong'ona. Huyu alisema ni ukimwi, yule alisema amerogwa. Nelima aliyasikia yote akiwajazia mitungi.

Karibu na barabara kulikuwa na mtu aliyeuza dawa za chupa. Alijisifu kwamba mashine yake inaona magonjwa yote mwilini. Alimwambia Wekulo ashike chuma kiganjani, akasoma kioo cha mashine, akatangaza kwamba figo zimechoka. Sukari, alisema, iko sawa kabisa. Akamuuzia dawa ya mwezi mzima.

Wekulo aliimaliza, lakini kiu haikuisha. Macho yake yakaanza kuona ukungu. Siku moja msumeno ulimkata kidole, na wiki tatu baadaye kidonda kilikuwa bado kibichi.

Kavetsa, mhudumu wa afya ya jamii, alikiona alipokuja kuchota maji kwa Nelima. Akauliza maswali mengi, pia akauliza kama kuna mtu wa ukoo mwenye kisukari. Wekulo akakumbuka kwamba mama yake alikuwa nacho.

"Baba Maurice, umewahi kupimwa sukari?" alimuuliza Wekulo.

"Nilipimwa. Nilishika mashine."

"Walikutoboa kidole?"

"Hapana."

Kavetsa akatikisa kichwa. "Basi hawakupima. Sukari iko kwenye damu. Asiyechukua damu yako hajui sukari yako."

Akanawa mikono, akafungua sindano mpya, akamtoboa kidole kingine. Tone moja la damu lilitosha. Kifaa chake kidogo kikaonyesha kumi na tisa. Kavetsa akaeleza kwamba mtu mwenye kiu na anayekonda akifika kumi na moja tu, tayari ni kisukari. Hakumwacha alale nyumbani na namba hiyo. Alimpeleka zahanati siku hiyohiyo. Damu ikapimwa tena, Wekulo akaanzishiwa dawa.

Nelima, aliyewasindikiza, naye aliambiwa arudi asubuhi kabla ya kula au kunywa chochote isipokuwa maji, kwa sababu kisukari kinaweza kukaa mwilini bila dalili. Alirudi. Sukari yake ilikuwa sawa.

Baada ya miezi mitatu kidonda kilikuwa kimefunga na ukungu umetoka machoni. Wekulo alimeza dawa kila siku, alikunywa chai bila sukari, alipunguza ugali akaongeza mboga za sukuma wiki. Kila jioni alikagua nyayo zake asije akawa na kidonda asichokihisi.

Nelima alifurahi. Lakini kadiri mume wake alivyopona, ndivyo hasira ilivyompanda. Wekulo angeweza kupofuka. Angeweza kukatwa mguu, au kufa, na yule mtu angeendelea kuuza chupa zake. Asubuhi moja Nelima alifunga kioski chake cha maji, akachukua kadi ya Wekulo ya zahanati, akaenda dukani kwa yule muuza dawa. Watu wanne walikuwa wakingoja kupimwa.

"Ulisema mume wangu hana sukari," Nelima alisema. "Ulipima nini?"

Yule mtu akajibu kwamba ugonjwa ulikuja baadaye.

"Alikuja kwako na kiu. Alikuja amekonda. Na hukuchukua hata tone moja la damu yake."

Mwenye duka akamwambia aondoke, anamharibia biashara. Nelima akawageukia waliokuwa kwenye benchi. Hakupaza sauti. Aliwaonyesha kadi, akaeleza yaliyompata Wekulo tangu mwanzo, bila kuficha kitu. Akasema zahanati haiko mbali, na anayetaka atampeleka mwenyewe.

Kisha mzee mmoja mwenye miguu iliyovimba akainuka taratibu. Alisema amekunywa chupa sita, na hakuna mtu aliyewahi kumtoboa kidole.

Nelima akamshika mkono. Walipofika mlangoni, wale wengine watatu walikuwa wamesimama pia.