Kutu ya Kidole Kifupi

Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mapaa pale shemeji alipoingia karakana na mfuko mrefu wa ngozi begani. Fundi wa bunduki alikuwa anafunga madirisha. Watu walimwita Fundi Mafuta, kwa sababu hata shati lake la harusini lilikuwa na doa la mafuta, na mwenyewe hakuona haya. Kila mtu na marashi yake, alikuwa akisema.

Shemeji huyu alikuwa ndugu wa marehemu mume wa dada yake fundi. Marehemu alikuwa seremala, na alifia porini msimu uliopita wa kuwinda. Ndugu yake aliona majani yakitikisika kule mbali, akadhani ni swala, akafyatua. Ndivyo alivyoeleza polisi, ndivyo alivyoeleza msibani huku kamasi zikimtoka, na hakuna aliyemtilia shaka. Sasa Jumamosi ilikuwa amwoe mjane. Watu walisema ni heri, na fundi naye alisema ni heri. Dada yule alikuwa ndiye nduguye pekee. Fundi alimlea mwenyewe tangu wazazi walipofariki, na mpaka leo hakupata usingizi bila kujua kwamba mdogo wake yu salama.

"Inashika kutu," shemeji alisema, akiitoa bunduki mfukoni. "Si uliniambia mtutu wa stenlesi haushiki kutu?"

Fundi akacheka. Akamweleza kwamba stenlesi ni mvumilivu tu, na mvumilivu naye ana mwisho wake. Jasho la mkono likiachwa juu yake linauma. Damu ya mnyama inauma zaidi. Na mfuko wa ngozi ukifungwa na unyevu ndani ndio adui mkubwa, maana bunduki inakaa kama nguo iliyokunjwa mbichi. Kisha akamwuliza aliisugua kwa kitu gani. Shemeji akasema kwa waya wa kusugulia masufuria.

Fundi akajipiga kofi la paji la uso. Waya ule huacha chembe zake juu ya mtutu, chembe zikashika kutu zenyewe, halafu mwenye mali analaumu mtutu. Kosa la kila siku hilo! Akamwahidi kwamba kesho jioni angeikuta inang'aa.

Shemeji aliaga bila kutoa mkono. Joto lilikuwa la kuvua shati, naye alikuwa amevaa mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa hadi kooni.

Fundi akawasha taa, akakaa kazini. Doa la kahawia lilikuwa karibu na mdomo wa bunduki. Akalisugua taratibu kwa brashi ya shaba na mafuta, akalifuta kwa kitambaa cha pamba, akapaka mafuta mepesi juu. Mtutu ukarudi kuwa kioo. Akautundika ukutani, nje ya mfuko, upate hewa, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Akasikia sauti.

Kwaruu... kwaruu... kama mtu anapiga msasa ubao.

Aliporudi, karakana ilikuwa tupu. Ila palikuwa na harufu ya mbao mbichi, mbao iliyokatwa sasa hivi, na katika karakana ile hakukuwa na ubao wa kukatwa. Akatazama ukutani. Doa lilikuwa limerudi.

Safari hii halikuwa doa. Ulikuwa mkono.

Alama zilikuwa wazi, kiganja na vidole, vimeukumbatia mtutu. Fundi alikuwa amezisoma alama za mikono kwenye bunduki maisha yake yote. Mwenye bunduki huushika mtutu akiwa nyuma yake, gumba lake likaelekea mdomoni. Gumba hili lilielekea kwenye kitako. Aliyeshika hapa alisimama mbele ya bunduki. Aliushika mtutu kwa nguvu, akiusukuma usimtazame.

Basi hakupigwa kutoka mbali...

Na kidole cha kati kilikuwa kifupi. Kiliishia katikati.

Fundi akaisogeza taa karibu. Kidole kile alikijua, kama familia nzima ilivyokijua. Msumeno wa mashine ulikula nusu yake mwaka seremala alipokuwa anatengeneza kitanda cha harusi yake.

Akausugua mtutu tena, kwa woga sasa. Alama ikatoka. Akasimama palepale akiukodolea macho, na mbele ya macho yake kutu ikachipuka upya, polepole, kidole baada ya kidole. Haikurudi ilipokuwa. Ilikuwa imesogea shubiri moja, kuelekea kwa mshikaji.

Hakulala. Asubuhi akamwita dada yake, akamwonyesha. Dada alitazama kwa muda mrefu, mkono umeziba mdomo.

"Inatoka?" akanong'ona.

Fundi akamwambia yote: gumba, kidole, na maana yake. Akamwambia hakuna tena harusi, na kwamba angekwenda polisi. Dada akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza tena kama kutu ile inatoka. Fundi akaona ni mshtuko, akamsindikiza nyumbani.

Polisi walimsikiliza, wakaitazama bunduki, wakatazamana. Kutu si shahidi, walisema. Akarudi nayo.

Jioni shemeji akaja. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Hukumpiga kutoka mbali," alisema. "Aliushika mtutu huu mbele yako. Alikuomba."

Shemeji hakukana. Akafungua vifungo vya shati, kimoja kimoja. Alama za kahawia zilianzia kwenye kifundo cha mkono, zikapanda kiwiko, zikapanda bega. Ya mwisho ilikuwa mbichi, chini kidogo ya koo. Kidole cha kati kilikuwa kifupi.

"Nasugua, Fundi," alinong'ona. "Nasugua kila siku. Haitoki."

Akaondoka akikimbia, bunduki ameiacha.

Jumamosi watu waliokuwa waende harusini walikwenda msibani kwa shemeji. Daktari alisema ni moyo. Lakini waliomwosha walitoka kimya, na walikuwa wamemfunga shingo kwa kitambaa, nao hawakutaka kuulizwa.

Tangu siku ile mtutu haukushika kutu tena. Fundi aliukagua kila jioni, akaona safi, na moyo wake ukaanza kutulia. Marehemu amepata haki yake, alijiambia, amekwenda zake. Mdogo wake naye amenusurika. Akalala usingizi wa kwanza mzuri.

Kisha jioni moja dada akaja karakana. Joto lilikuwa lilelile. Alikuwa amevaa gauni la mikono mirefu.

Akaomba mafuta kidogo. Fundi akamwuliza ya nini. Akasema ya bawaba za mlango, na hakumtazama usoni. Fundi akanyoosha chupa, na dada alipoipokea, mkono wa gauni ukapanda kidogo.

Kifundo kilikuwa na alama za kahawia. Kidole cha kati, kifupi.

Ndipo fundi akakumbuka asubuhi ile. Dada hakuuliza ni nini. Hakuuliza ni nani. Aliuliza kama inatoka.

"Sikumwambia aue, kaka," dada alisema, machozi yakimtiririka. "Nilimwambia tu kwamba nimemchoka mume wangu."

Fundi akafunga mlango. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ndiye aliyeifua nguo hii, aliyeishona, aliyeivisha tangu utotoni. Huruma na hasira vilimjaa kifuani kwa pamoja. Nje kulikuwa kunaingia giza. Kwaruu... kwaruu... msasa ulianza nyuma ya ukuta, taratibu, kama mtu asiye na haraka.

Akamkalisha dada yake kwenye kiti. Akamimina mafuta kwenye kitambaa, akaushika mkono wake, akaanza kusugua.

Mkono wa gauni hakuthubutu kuupandisha, asije akaona kutu imefika wapi.