Homa ya Lulu Ilianza Lini?

Kila asubuhi kabla ya shule, Fatu alichochea moto chini ya wavu wa kukaushia migebuka, samaki wa ziwani, akamwosha uso mdogo wake Lulu, kisha akaenda kuchota maji. Lulu, mwenye miaka mitatu, hakukubali kuachwa. Alimfuata nyuma akining'inia kwenye sketi yake.

Jumamosi ile hakumfuata mtu. Alilazwa wodini, midomo imepasuka, ulimi mwekundu kama pilipili, macho yameiva, viganja vimevimba. Majirani zao wa mtaa wa Bangwe walisema macho ni moshi wa samaki. Mama alisema ni surua. Malaria ilipimwa, haikuonekana. Sindano alizochomwa hazikushusha homa.

"Homa ina siku ngapi?" aliuliza Daktari Aikande, aliyehamia Kigoma mwaka ule kutoka Moshi.

"Leo ya nne," mama alijibu. "Niliwaacha na bibi yao. Niliporudi kutoka kijijini Ilagala Jumatano, ndiyo ilikuwa inaanza. Si ndiyo, Fatu?"

"Ndiyo, mama," Fatu alisema, akiangalia sakafu.

Daktari alitoa damu, akamtuma Fatu na chupa maabara. Huko, Bwana Telesphory aliivuta damu kwenye mrija mwembamba wa kioo, akausimamisha wima.

"Tunangoja saa moja," alisema. "Chembe nyekundu zitashuka. Mtoto akiwa mzima, zinashuka kidogo tu."

Hizi zilishuka kama mzigo ulioachiwa. Saa ilipotimia, juu kulibaki maji ya manjano, marefu kuliko kidole cha Fatu.

"Milimita mia moja na tano!" Telesphory alishangaa. "Mwili huu unawaka ndani." Kisha akainamia hadubini, akahesabu, akakuna kichwa, akahesabu tena. Karatasi ya majibu aliipeleka mwenyewe wodini.

"Daktari, chembe nyeupe ni nyingi, hilo sawa. Lakini hizi za kugandisha damu zimezidi mno. Nimerudia mara mbili."

Daktari aliisoma, akamtazama Lulu, akaisoma tena. "Siku na damu haviendani. Dalili zote ni za ugonjwa mmoja niliowahi kuuona, unaitwa Kawasaki. Mishipa ya damu inavimba, hata ile ya moyo. Lakini chembe hizi kwa kawaida hupanda hivi baada ya wiki. Mama, una hakika ni siku nne? Dawa yake inafaa iingie kabla siku ya kumi haijapita."

"Nina hakika, daktari. Labda mashine imekosea?"

"Mashine ni macho yangu, mama," Telesphory alisema.

Fatu alisogea kitandani kwa Lulu. Akisema, atachapwa, na rafiki yake Eufrasia, binti wa wakimbizi, atalaumiwa. Asiposema? Alikitazama kifua cha Lulu kikipanda na kushuka haraka haraka.

"Si siku nne!" alilipuka. "Ni nane. Ilianza Jumamosi iliyopita."

Mama aligeuka. "Unasema nini wewe?"

"Siku moja kabla, Ijumaa, nilimbeba Lulu hadi ufukweni, kule maboti yanakoshusha wakimbizi. Nilimpelekea Eufrasia ugali. Ulinikataza, ukasema wanaleta maradhi. Kesho yake Lulu akawa moto. Bibi nikamwambia ni jua."

"Fatu! Bibi yako haoni, wewe ndiye macho yake!"

"Subiri, mama Fatu," daktari alisema. "Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kucheza. Chanzo chake hata sisi hatukijui. Wageni wale hawana kosa. Basi tumebakiwa na siku mbili."

Alikimbilia kwenye simu ya redio kuagiza dawa. Jumapili jioni dawa ilifika na ndege ya misaada, ikaingizwa taratibu kwenye mshipa wa Lulu. Jumanne homa ilishuka, na moyo wake ulipopimwa ulikuwa salama.

Jumatano daktari alipita. "Mgonjwa amekula?"

Fatu alitamani kusema bakuli zima. Mama alikuwa akimtazama. "Vijiko viwili vya uji," alisema. "Kimoja amekitema."

Daktari aliandika vilevile. "Sasa umenisaidia. Jumamosi, Bwana Telesphory aliona damu, mimi niliona ngozi, na bado tulikuwa gizani. Siku za homa ulizijua wewe peke yako. Ukiogopa, sema huku unaogopa. Lakini sema."

"Nimetema kimoja na nusu," Lulu alisahihisha kutoka kitandani.