Kilicho Karibu Kwanza

Duka la samani lilipofungwa, jengo lake kubwa mjini Toledo lilichukuliwa na watu wa mbio za vigari vya rimoti. Walitandaza zulia la kijivu sakafuni, wakapigilia mabomba ya plastiki kuchora njia na kona, wakaunda vilima vya mbao vya kurukia. Kila Jumamosi ya majira ya baridi, theluji ikianguka nje, ndani mlijaa makelele ya mota ndogo, harufu ya mipira mipya na ya mikate ya soseji iliyokolea pilipili. Madereva walisimama jukwaani, rimoti mikononi, na chini yao vigari visivyozidi urefu wa mkono vilipita kama panya waliomwagiwa maji ya moto.

Uwanja ule ulikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Aliyemaliza mbio zake hakwenda kukaa. Aliingia njiani, akasimama kwenye kona, na katika mbio zilizofuata alivinyanyua vigari vya wenzake vilivyopinduka. Na kama viwili vimepinduka pamoja, kanuni ilikuwa hii: kilicho karibu kwanza, kiwe cha yeyote.

Jumamosi hiyo kona ya mwisho ilikuwa ya Desmond Tillery, mkaguzi wa lifti, mwanamume mrefu mwenye shati la samawati lililopigwa pasi kana kwamba anakwenda kanisani. Kigari kimoja cha zambarau kilimpindukia miguuni mara nyingi hata akakoma kuhesabu. Mbio zilipokwisha, alikutana na mwenye kigari hicho penye foleni ya soseji: mwanamke mwenye koti la manjano na kofia ya sufu iliyoshindwa kuzifunika nywele zake nyekundu.

"Wewe ndiye mwenye kile cha zambarau?"

"Ndimi. Nawe ndiye uliyekuwa unakinyanyua huku unacheka."

"Sikuwa nacheka, dada, nilikuwa nahema. Umenikimbiza leo!"

"Basi nishukuru. Hicho kitambi kilikuwa kinahitaji."

"Kitambi kipi?" Desmond alijitazama. "Dada, unanionea."

Jina lake lilikuwa Ilona Bartus, dereva wa basi la wanafunzi. Alipoulizwa kama angependa kigari kiache kupinduka, alisema angependa pia kuwa malkia. Desmond alikiweka mezani, akakibonyeza kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hakina kosa. Kimesimama juu mno, halafu hizi springi za mbele ni laini. Zulia hili linang'ata. Likishauma ukingo wa gurudumu, kinajikwaa chenyewe."

Alikishusha, akabadilisha springi, kisha akatoa gundi na kupaka mstari mwembamba kwenye kingo za magurudumu ya mbele.

"Gundi? Unataka kunibandika sakafuni?"

"Ikikauka inakuwa ngumu, inateleza. Ukingo ukiteleza, hupinduki."

"Na ukiniharibia?"

"Nitakununulia soseji."

"Usiponiharibia?"

"Utaninunulia wewe."

Ilona alinunua soseji, na alizinunua kwa furaha.

Majira yale ya baridi walikutana jioni kwa jioni katika jiko la Desmond, baada ya yeye kumlisha mama yake, aliyepooza upande mmoja na kulala chumba cha pili. Kigari cha namna ile, ambacho magurudumu yake yote manne huvuta, kina difu tatu, yaani gia za kuyagawia magurudumu nguvu: ya mbele, ya kati na ya nyuma. Kila moja hujazwa mafuta, mazito au mepesi, kwa kadiri dereva anavyotaka nguvu igawanyike. Desmond alizijua namba za mafuta hayo; Ilona hakuzijua wala hakutaka kuzijua.

"Kinanuna," Ilona alisema. "Nikikanyaga moto baada ya kona, kinafikiri kwanza."

Desmond aliifungua difu ya kati, akaijaza mafuta mazito zaidi.

"Sasa kina pupa. Kama mtoto aliyeona pipi."

Desmond aliyapunguza uzito kidogo, na Ilona akarudi uwanjani, na aliposhuka jukwaani uso wake ulikuwa umetulia. Ilikuwa furaha ya namna ya pekee kwa Desmond kulisikia neno moja la ovyo kutoka kwa mwanamke huyu na kujua mara moja ni parafujo ipi anayoisema. Hakuwa amewahi kumwelewa mtu kwa kiasi hicho.

Haukupita muda wakawa wapenzi, na kila asubuhi simu ya Desmond ililia.

"Fundi wangu, upo?"

"Niko juu ya lifti, mpenzi. Sema haraka."

"Nimeiota difu ya nyuma."

"Wenzako wanaota maua."

"Maua yanashika kona? Hebu niambie unanipenda, watoto wanapanda basi."

"Nakupenda. Funga mkanda."

Kisha ikaja habari ya California. Kampuni moja ya huko inayotengeneza vigari hivyo ilitangaza kuwa ingetuma mtu kutazama fainali ya mwezi wa tatu, na mshindi angeajiriwa katika timu yake: kusafiri, kushindana, kuishi kwa mchezo. Ilona aliipokea habari hiyo akiwa amesimama, na hakukaa tena jioni nzima.

"Nikishinda nahamia, Des. Utakuja?"

"Shinda kwanza."

"Hilo si jibu."

"Mama hatoki kitandani, Ilona."

"Sikuuliza habari za mama. Nakuuliza wewe."

Desmond angeweza kumwambia abaki, na hakumwambia; alishika bisibisi. Alibadilisha beringi zote. Alifunga mota mpya yenye nguvu, akaweka kipande cha shaba chini ya betri ili pua ya kigari iikamate njia, akajaza shokapu mafuta mapya na kuzibana moja moja mpaka zote nne zikarudi kwa mwendo mmoja. Kama moyo wake ulitaka Ilona asiondoke, mikono yake haikupewa habari hizo. Siku ya fainali kigari kile kilikuwa bora kuliko chochote alichowahi kuunda.

Ukumbi ulifurika. Desmond alikuwa ameshindana katika daraja la chini, mbio zilizotangulia fainali. Kwa hiyo desturi ilimpeleka kwenye kona. Ilona, ndani ya blauzi nyekundu aliyoishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, aliongoza tangu mwanzo. Nyuma yake alikuwa Garrett, kijana wa Detroit mwenye mkono mwepesi. Katika duru ya mwisho Garrett alijipenyeza kwa ndani, vigari vikagusana, vyote viwili vikapinduka mbele ya Desmond.

Cha Garrett kiliangukia karibu na kiatu chake. Cha Ilona kiliangukia mbele kidogo, kando ya bomba, magurudumu yakizunguka hewani.

Desmond aliinama, akakinyanyua cha Garrett. Kisha akapiga hatua, akakinyanyua cha Ilona. Garrett akashinda.

Ilona hakushuka kumtafuta. Alimpigia simu akiwa maegeshoni, ndani ya gari lake.

"Umenifanyia kusudi."

"Kilikuwa karibu, Ilona. Unajua kanuni."

"Kilikuwa karibu! Miezi yote ile ulishindwa kusema 'usiende', leo mkono wako umesema."

"Hapana."

"Basi hongera, fundi. Umenifunga mjini."

Akakata. Alipopigiwa hakupokea, na kigari chake kilibaki mezani kwa Desmond, mkono mmoja unaoshika gurudumu la mbele umepinda. Desmond alinunua mkono mpya, akaufunga. Zilipita wiki kadhaa. Theluji iliyeyuka, na parokia za mtaa zikawa zinakaanga samaki kila Ijumaa ya Kwaresima, siku isiyoliwa nyama, kungoja Pasaka.

Ijumaa mojawapo ya hizo, mchana, mlango uligongwa. Ilona alisimama kizingitini na gauni la kijani lililomfikia magotini, nywele zimebanwa nyuma, na boksi la samaki wa kukaanga mikononi.

"Usinitazame hivyo. Nimekuja kuomba radhi, na mimi si mzoefu."

Akaingia, akaketi.

"Nimeona picha za fainali. Mtu alirekodi kutoka juu. Cha Garrett kilikuwa karibu, tena sana. Nilikusingizia bure, Des."

"Yamekwisha."

"Hayajaisha. California wamenipigia. Garrett amekataa kuhama, wananitaka mimi. Nimewaambia siendi bila fundi wangu, wamekubali." Alimshika vidole. "Na mama tunamchukua. Nimeuliza, kuna magari ya wagonjwa ya safari ndefu. Nioe, bwana. Au mpaka nipige magoti na gauni hili?"

Desmond alicheka, na machozi yalimlengalenga. Kila alichokitamani kilikuwa kimeketi jikoni mwake kikinuka samaki.

"Maskini wee," Ilona alisema, akimpapasa shavu. "Ulivyokufa ndani siku ile, kumnyanyulia Garrett!"

Angeweza kusema ndiyo. Ulikuwa mzaha tu, na usingehitaji hata neno, tabasamu lingetosha.

"Sikufa," alisema. "Nilifurahi."

Mkono wa Ilona ulibaki shavuni mwake, ukapoa.

"Ulifurahi lini? Ulipoona nimeshindwa?"

"Nilipoona vyote vimepinduka, na chake kiko karibu."

"Kabla hujakishika changu."

"Kabla."

Ilona aliuondoa mkono, si kwa hasira.

"Na ile hatua moja, Des. Kutoka kwake kuja kwangu. Uliipiga upesi kama siku zote?"

Desmond aliitafuta hatua ile kichwani, kama alivyokuwa ameitafuta kila usiku.

"Sijui," alisema. "Nakuapia, sijui."

"Ungesema ndiyo."

"Nisingekuwa na uhakika."

"Ningekuamini, mjinga wewe. Ningekuamini mpaka nife." Alisimama, akavaa koti. "Sasa kila ukinifungia parafujo, nitajiuliza kama umeikaza kweli."

Alikichukua kigari, akambusu Desmond kwenye paji la uso, akapita chumbani kumuaga mama. Mwisho wa mwezi alikuwa California, na fundi wake wa huko alikuwa hodari.

Desmond aliendelea kwenda uwanjani. Jumamosi moja vigari viwili vilipinduka kwenye kona yake, vya watu asiowajua hata kwa majina. Aliinama, akasita. Alipima umbali wa hiki, akapima wa kile, akapima tena, mikono imening'inia, huku magurudumu yakizunguka hewani na vigari vingine vikipita.

"We bwana!" walipiga kelele jukwaani. "Nyanyua! Nyanyua chochote!"