Turubai ya Nduku

Kitu cha kwanza Nduku alichoona ni uzi mweupe.

Turubai ile aliishona mwenyewe kwa uzi wa kaki, nyumbani kwao Sultan Hamud. Sasa Kyule aliikunjua kutoka ubavuni mwa Land Cruiser, akasimamisha miguu ya turubai kwenye mchanga wa mto Tiva uliokauka, na kivuli kikatandikwa chini kama mkeka. Pembeni kulikuwa na lebo asiyoijua, imeshikizwa kwa uzi mweupe, ikisema turubai imetengenezwa Afrika Kusini.

Kagure, mwenye magari ya kupeleka wageni kupiga kambi jangwani, aliingia chini ya kivuli na kuvua kofia. Alikuja kuijaribu kabla ya kuagiza za magari yake yote.

—Enyewe hapa kuna raha. Pale nje mtu anakaangwa. Umeitoa wapi hii?

—Afrika Kusini, madam, Kyule akajibu. —Sisi kazi yetu ni kufunga tu kwa gari.

—Na huyu dada?

Kyule akatazama mchanga.

—Huyu amekuja kutusaidia na chai.

Nduku alikuwa mtu wa kunyamaza. Tangu aache shule darasa la sita, maneno mazito aliyapitisha kwa simu. Hata mapenzi yake na Kyule yalianza kwa ujumbe, akiandika, akifuta, akiandika tena. Basi akamimina chai, akaketi juu ya jerikeni, akaandika:

"Hiyo lebo ni ya nani?"

Simu ya Kyule ikalia pale pale karibu naye. Akajibu bila kuinua uso:

"Watu hawaamini kitu cha kwetu. Vumilia, ni biashara tu."

"Na mimi wa chai, pia ni biashara?"

Kyule alikuwa ameinama, akifunga gunia la mchanga kwenye kamba, kwa maana vigingi havishiki mtoni, wakati mama yake alipopiga simu. Mikono yake ilikuwa na kazi, akaiweka simu kwa sauti kubwa juu ya boneti. Mama aliongea Kikamba, na Kyule hakuwa na wasiwasi. Kagure ni Mkikuyu, angeelewa nini?

—Kyule, mbuzi wa ntheo wamepatikana, wanene. Jumamosi tunawapeleka kwa kina Nduku, halafu awe bibi yako kabisa. Mwambie arudi nyumbani na ile turubai ya gari aliyoshona, tuwakinge wazee jua. Na mjomba wako Mutunga anauliza, ulisema huyo msichana alisomea ushonaji chuo gani?

Kagure aliweka kikombe chini. Alipofungua mdomo, kilitoka Kikamba safi.

—Kumbe chai ya hapa inapikwa na fundi. Mimi nimezaliwa Sultan Hamud, Kyule. Nilijua Kikamba kabla ya Kikuyu. Unanidanganya kwa nini?

Upepo wa vumbi ukapanda mtoni. Turubai ikajaa, kamba zikakaza, lakini haikung'oka. Nduku aliitazama ikisimama, na kifua chake kikajaa pia. Akainuka, akaenda hadi kwenye boneti.

—Mwaitu, ni Nduku. Mbuzi msiwalete.

—Kwa nini, mwanangu? Wana kasoro?

—Mbuzi hawana kasoro.

Kagure alitaka kucheka, akageukia chai yake.

—Nduku, unaniaibisha mbele ya watu, Kyule akanong'ona.

—Na wewe umenificha mbele ya hao hao.

Kyule akasimama pale, jasho likimtiririka ilhali yumo kivulini. Kisha akatoa kisu mfukoni, akakata ule uzi mweupe mshono kwa mshono, akamwekea Kagure lebo mkononi.

—Madam, hii nilibandika mimi. Turubai ni kazi ya Nduku, kuanzia kukata mpaka kushona. Na ndiye ninayetaka kumwoa.

Akainamia simu.

—Mwaitu, Nduku hajaona mlango wa chuo. Aliachia darasa la sita. Yeye hakudanganya mtu, nilidanganya mimi. Nilimwogopa mjomba Mutunga.

—Ulimwogopa Mutunga? mama akashangaa. —Huyu anayetia sahihi kwa kidole gumba?

Hapo Kagure akacheka kabisa. Lakini alipovaa kofia, uso ulikuwa umekaza.

—Turubai nimeipenda. Leo lakini sinunui. Mtu akinidanganya asubuhi, siwezi kumwagizia kazi mchana. Nikirudi, nitaongea na Nduku, sio wewe.

Akatoka, akaenda kunyoosha miguu kando ya mto. Kyule alijua alichopoteza. Hakulalamika.

—Niwarudishe mbuzi? akauliza polepole.

Nduku akatoa simu yake, akaanza kuandika kama kawaida. Akaifuta. Akairudisha mfukoni, akamtazama usoni.

—Ile siku ulirudi kutoka jangwani midomo imepasuka kwa jua, nililia jikoni, wewe ukidhani ni moshi. Kesho yake nikaanza kukata turubai. Sikuishonea Kagure, wala biashara. Niliishona kwa sababu nakupenda, Kyule. Walete.