Nyumba Iliyotii Sauti Moja

Ndugu zangu, kulikuwa na nyumba moja yenye raha zake. Asubuhi, mwenye nyumba akiwa bado amejinyoosha kitandani, alisema tu, "Pazia," na pazia likafunguka. Akasema, "Chai," na birika likaanza kuunguruma jikoni. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alicheka mpaka akachelewa kazini. Mama mzazi wa mwenye nyumba, aliyekuwa akiishi nao, alikaa sebuleni akikunja nguo na kutikisa kichwa kwa mshangao.

Bwana huyo alikuwa msimamizi wa ghala, lakini mtaani walimwita Bwana Vitufe. Kila Jumamosi ungemkuta juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, akiunganisha hiki na kurekebisha kile. Mikono yake ilikuwa mizuri, simnyimi sifa. Ila hakujua kutosheka.

Mama mzee alikizoea kwa namna yake kile kisanduku cha sebuleni kilichopokea amri. Hakukiamuru kabla ya kukisalimu. "Habari za asubuhi, mwanangu. Naomba uniwashie feni." Na mtu akibisha hodi getini, hakuuliza ni nani, maana alilelewa kwamba mgeni hasimamishwi nje. "Mfungulie aingie apumzike," alikiambia kisanduku, na geti likafunguka. Wakaingia wauza mifagio, wakaingia wahubiri, na siku moja akaingia mbuzi wa watu nyuma ya muuza mifagio.

"Mama, utatuletea wezi!" Bwana Vitufe alifoka.

"Mwizi gani anapiga hodi, baba?"

Jumamosi iliyofuata akaiboresha mitambo yake. Akaifunga nyumba nzima isitii sauti yoyote ila yake. Akang'oa na swichi za ukutani, na kamba za mapazia, eti zinaharibu sura ya chumba.

"Na sauti ya Mama?" mkewe aliuliza.

"Nitaiingiza wiki ijayo."

"Na yangu?"

"Wewe si una simu? Usinichanganye, mke wangu, nimeshika waya."

Wiki ijayo ikaja ikapita, ikaja na nyingine. Bwana Vitufe alikuwa na shughuli kubwa zaidi: alikuwa akiifundisha taa ya choo kubadilisha rangi. Jamani, taa ya choo!

Jumanne moja, saa nne asubuhi, yuko ghalani akipokea magunia, simu yake ikalia. Aliisoma: *Sauti isiyotambulika, sebuleni.* Akatabasamu. "Mama na porojo zake," alimwambia karani wake. Ikalia tena, na tena. Lori lilikuwa linasubiri na dereva amenuna. Akanyamazisha milio yote ya nyumbani, akaendelea na magunia yake.

Saa nane mchana mkewe alirudi kutoka shuleni. Alimkuta mama mkwe wake sakafuni, midomo imekauka, kigoda kimepinduka pembeni. Asubuhi ile jua lilikuwa likimchoma macho, kamba ya pazia haipo, kisanduku hakimsikilizi. Basi mzee wa miaka sabini na nane akapanda kigoda alivute pazia kwa mkono.

Hospitalini daktari alisema nyonga imevunjika. Akasema pia kwamba kulala chini saa nne nzima bila msaada kumemuumiza kuliko kuanguka kwenyewe. Fundi cherehani, jirani yao, alifika akihema. "Mbona nilipiga hodi pale saa tano! Nilipiga mpaka mkono ukauma. Nikajua mmetoka."

Bwana Vitufe naye alikuwa amefika mbio kutoka ghalani. Mkewe alimpa simu. "Kisanduku chako kinahifadhi sauti. Sikiliza."

Alikaa kwenye benchi la ukumbini, akasikiliza.

"Habari za asubuhi, mwanangu. Nimeanguka. Naomba uniitie kijana wangu kazini."

*Sauti haitambuliki.*

"Nisamehe kwa usumbufu. Mguu haunyanyuki."

*Sauti haitambuliki.*

Kisha hodi ya jirani, kwa mbali. "Kuna mtu getini, mfungulie tafadhali. Mfungulie, nakuomba!"

*Sauti haitambuliki.*

Alikiomba kisanduku mara thelathini na moja. Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Basi, usimsumbue. Ana kazi nyingi."

Bwana Vitufe alilia mbele za watu, wala hakujificha. Akaingia wodini, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, ni mimi. Unanitambua?"

Mama mzee alimgeuzia uso. "Sauti yako naijua tangu siku niliyokuzaa. Yangu ndiyo hukuipa nafasi nyumbani kwako."

Mama alipotoka hospitalini alikwenda kukaa kwa binti yake. Mwanawe alirudisha swichi zote, akaja kumbembeleza zaidi ya mara moja. Mama alimsamehe, akamwombea heri, ila kurudi hakurudi.

FUNZO

Wenzangu, sisemi mtupe mitambo yenu. Mitambo haina kosa, inatii tulivyoiagiza. Lakini unapoipanga nyumba yako, anza na yule asiyeweza kujisaidia, umalizie na wewe mwenye nguvu. Huyu alipata muda wa taa ya choo, akakosa muda wa sauti ya mamake. Na ukisikia mlio kutoka nyumbani, usiukisie maana yake. Nenda, au piga simu uulize. Kama una mzazi ndani, mwulize leo hii kama kuna kitu hawezi kukifikia, kisha ukae umsikilize mpaka amalize.